Masale Mlangoni kwa Jasoda

Flavia wa Kibosho, au Mama Sirili kama watu walivyomwita kwa jina la mwanawe wa kwanza, alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: sherehe. Ngoma ikipigwa Moshi mjini, yeye huko juu kati ya migomba na mibuni miguu inamwasha. Mumewe Basili alizoea kusema kwamba siku mkewe akifa, jeneza lisipitishwe karibu na penye harusi, maana atashuka akacheze kwanza.

Wala hakuwa mbaguzi. Idi ilimkuta Majengo na kanga mpya, sahani ya pilau mkononi, akiwasifia watoto wa watu nguo zao mpaka mama zao wanamwongezea nyama. Masingasinga wakiandamana kwenda hekaluni kwao, Flavia yuko kando ya barabara anawapigia vigelegele ambavyo hakuna aliyemwomba. Sikukuu ya Uhuru alipiga kelele hadi sauti ikamkauka, akauza ndizi wiki nzima kwa ishara za mikono. Krismasi ndiyo ilikuwa ya kwake, na hapo wenzake wa mjini walipanda mlimani kumfuata.

Lakini nikuambie ukweli, sikukuu iliyomtoa akili ilikuwa Diwali ya Wahindi. Ilianza hivi: alikuwa akiuza ndizi soko kuu, na mteja wake mmoja alikuwa Jasoda, mke wa Dilip mwenye duka la vitambaa barabara ya nyuma ya soko. Jioni moja, miaka michache baada ya Uhuru, Flavia akaona mlango wa duka umezungukwa na taa ndogo za udongo, akasimama katikati ya barabara kinywa wazi, lori likampigia honi. Jasoda akatoka akacheka, akamwambia, "Mama Sirili, utakufa bure. Ingia uone." Akaingia, na tangu siku ile hakukosa. Kila mwaka alishuka na mkungu wa ndizi mbivu, akala, akacheza na kina mama wa Kihindi, akalala kwao kama ndugu. Krismasi ikifika Jasoda naye alipanda Kibosho kula kiburu, ndizi na maharage yake, kwa sababu nyama hali.

Basi urafiki huo wote ukaja kuvunjwa na kuku.

Ilikuwa Saba Saba, uwanja umejaa pomoni, vikundi vya kina mama vinashindana kucheza. Flavia alikuwa mstari wa mbele wa kikundi cha Kibosho, kanga kifuani, jasho linamtiririka, anajiona malkia. Mzee mwenye kipaza sauti akawa anapita kwa watazamaji kuwauliza wameonaje. Akamfikia Jasoda. Na Jasoda, kwa mazoea yao ya kutaniana jikoni, akasahau kwamba pale si jikoni. Akasema, "Mama Sirili anacheza kama anafukuza kuku kwenye kahawa!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Hata waamuzi walicheka. Jumatatu Flavia alipofika sokoni, wapagazi wakamlaki: "Fukuza Kuku, shikamoo!" Jina likamganda. Hata watu wa Kiboriloni, waliokuwa hawamjui, wakalijua.

Flavia akaapa hatakanyaga tena kwa Jasoda. Jasoda akija kununua ndizi, yeye anageuza mgongo na kuanza kupanga mikungu iliyokwisha kupangwa. Jasoda akisalimu, yeye haitiki. Siku za kina mama wa Kihindi kucheza kwa vijiti zilipita, naye yuko nyumbani anapalilia kahawa kwa hasira, ngoma za huko mjini zikimlia kichwani.

"Umenuna kwa ajili ya kuku," Basili alimwambia.

"Sijanuna."

"Basi nenda ukacheze."

"Siendi!" Lakini moyo ulimuuma sana. Kumchukia Jasoda aliweza, tena bila shida. Asichoweza ni kuifikiria Diwali ikichezwa yeye mwenyewe hayupo.

Siku yenyewe ikafika. Flavia alishuka sokoni akijiambia kwamba ameenda kuuza ndizi tu. Ndizi zikaisha mapema, na bado hakuondoka. Alikuwa anakung'uta gunia tupu kwa mara nyingine tena alipopita Melkior, msukuma mkokoteni, amejishika mbavu kwa kucheka.

"Mama Sirili! Huyo Mhindi wako amekosa nini? Mlango mzima masale!"

Mchagga yeyote angecheka. Isale ni lile jani refu la kijani tunalopanda kwenye mipaka ya mashamba, na ukimkosea mtu ndilo unalompelekea. Hakuna maneno makubwa kuliko hilo. Ukiletewa isale huna ruhusa ya kukataa, hata kama mtu amekuchomea nyumba. Na linapelekwa jani moja, kwa heshima, tena na mjumbe. Kulitundika mlangoni safu nzima kama pazia, hilo halijapata kuonekana.

Flavia akaenda mbio, akajibanza ng'ambo ya barabara nyuma ya nguzo. Kweli! Kila mwaka mlango ule ulipambwa kwa majani ya mwembe yaliyotungwa kwenye uzi. Leo yananing'inia masale, mabichi, yanang'aa, kutoka nguzo hii hadi ile. Na wapita njia wanakula raha.

"Anaiomba msamaha Moshi nzima," alisema mmoja.

"Atakuwa ameuza kitambaa kibovu," mwingine akadakia, na kundi likaangua kicheko.

Flavia naye alicheka, tena vizuri. Kisha akamwonea huruma. Maskini Jasoda, labda alikosa majani ya mwembe akachuma kijani chochote kwenye ua wa mtu, hajui analolitangaza! Mara hasira zikampanda, akawageukia waliokuwa wakicheka. "Mnacheka nini? Wakati wa Krismasi wao wanawacheka ninyi?"

Hapo ndipo harufu ya samli na sukari ilipovuka barabara ikamkuta. Jalebi zinakaangwa. Ndani mtoto akawasha fataki, ikalia pwaa, kina mama wakapiga kelele za furaha, na miguu ya Flavia ikaanza ule ugonjwa wake. Akabishana nayo. Isale halikataliwi. Ndiyo, lakini huyu amelitundika kwa kutojua! Sawa, lakini nani alisema jani linamuuliza mtundikaji anajua nini? Isale ni isale. Tena ni vema aende, amnong'oneze ayatoe asizidi kuaibika. Huo ni wema tu, si kurudi.

Akavuka barabara kabla hajabadili mawazo.

Mlangoni alipokelewa na bibi Sulochana, mama mkwe wa Jasoda. "Shikamoo, mama," Flavia alisema, na kabla marahaba haijamfikia alikuwa amekwisha kutiwa donge zima tamu la ladu kinywani. Akavutwa ndani. Lo! Taa kila ukingo, maua ya unga wa rangi sakafuni, sari za kila namna, watoto wamepakaa sukari hadi masikioni. Mtu akampa jalebi, mwingine akampa chevda ya pilipili, wa tatu akamshika mkono akamwingiza kwenye duara la wachezaji. Flavia akazunguka, akapiga makofi, akakanyaga vidole vya watu, akaomba radhi kwa kinywa kilichojaa, akazunguka tena. Alikuwa na furaha mpaka akaona kizunguzungu. Alikuwa amesahau kabisa alichofuata, hadi alipomwona Jasoda jikoni, peke yake mbele ya karai la mafuta, anamtazama bila kuthubutu kumkaribia.

Akaenda. Akasimama karibu naye, akashusha sauti.

"Jasoda, dada yangu. Yale majani ya mlangoni uyatoe. Watu wanakucheka barabarani. Kwetu sisi majani yale..."

"Ni ya kuomba msamaha," alisema Jasoda, akageuza jalebi. "Mimi nimezaliwa Kiboriloni, Mama Sirili. Unadhani nimeshuka melini jana?"

Flavia akakishusha kipande cha jalebi alichokuwa anakipeleka kinywani.

"Unajua? Na unajua wanacheka?"

"Tangu asubuhi. Wengine wameingia dukani kuniuliza nimefanya nini. Nikawaambia nimemkosea mtu. Dilip amekasirika, anasema nimemfanya kichekesho cha mji."

"Si ungetuma jani moja tu sokoni? Kimya kimya, yakaisha?"

Jasoda akatua upawa. Macho yalikuwa yamemlowa, na si kwa moshi. "Nilikucheka mbele ya uwanja mzima," alisema. "Nikuombe radhi kichochoroni?"

Flavia akamkumbatia. Akalia. Alilia kwa sauti, kama mtoto, ameishika sari ya watu kwa mikono yenye sukari. Kisha akajifuta uso, akatoka jikoni, akapita katikati ya wachezaji bila kumwangalia mtu, hadi kibarazani. Barabarani watu walikuwa bado wamejazana, Melkior amekaa juu ya mkokoteni wake. Flavia akaruka juu akachomoa isale moja, akaliinua juu ya kichwa chake mbele ya macho ya wote.

"Ni langu hili!" alipiga kelele. "Mimi ndiye niliyekosewa, na nimelipokea!"