Rupia ya Mama Mkwe

Kama kuna kitu kilichomzeesha Shigela kabla ya wakati wake, ni majivu. Si umaskini, wala si ng'ombe wa baba yake waliokwisha kwa ugonjwa wa ndigana kule Ilemba. Ni majivu, na limao likiongezwa hapo ndiyo basi tena.

Shigela ana kibanda chake ubavuni mwa soko pale Sumbawanga. Anatengeneza saa, lakini siku hizi saa anavaa nani? Kinachompa ugali ni sarafu za zamani: zile za shaba za Mjerumani, senti za tundu za Mwingereza, na rupia za fedha mtu akibahatika. Anazinunua kwa watu wa vijijini, anampelekea Meshack, mfanyabiashara wa Dar es Salaam anayewauzia wakusanyaji. Na hao wakusanyaji wana mambo yao. Wanaitaka sarafu na weusi wake, ule ulioota wenyewe miaka na miaka. Ukiusugua umeichuna ngozi, imebaki chuma cha kuwekwa kwenye mizani.

Haya, nenda kamweleze hayo mama wa Kifipa aliyelelewa akijua kwamba sufuria isiyong'aa ni aibu ya ukoo mzima. Shigela ameeleza mpaka koo limekauka. Ameandika ukutani kwa rangi nyekundu: TUNANUNUA SARAFU ZA ZAMANI, MSISUGUE. Wapi! Otilia, jirani yake muuza dagaa, aliyasoma maandishi yale kila asubuhi, na bado siku aliyoleta senti za marehemu babu yake zilikuwa zinametameta kama vijiko vya harusi. Mzee Flavian wa Msanzi yeye alitumia unga wa tofali. Shigela alipomwambia haifai tena, mzee alikasirika, akamwita tapeli mbele za watu, eti anatafuta kisingizio cha kushusha bei. Na heshima yote ile ya kumpa kitu kisafi!

Mwisho Meshack naye akachoka. Alipiga simu akasema mzigo uliopita ulikuwa takataka tupu, na ukija mwingine kama ule atatafuta mtu wa Mpanda. Shigela alielewa vizuri maana yake. Bila Meshack kibanda kinafungwa, na yeye anarudi Ilemba kuwachungia wadogo zake ng'ombe waliojinunulia, na mvi hizi kichwani.

Ndipo ikatokea ile rupia. Mkewe, Minza, alikwenda msibani Ilemba, akaona mama yake anatoa pembe la ng'ombe kutoka uvunguni. Ndani, kwenye samli iliyoganda, mlikuwa na rupia tatu kubwa, ujira wa babu aliyebeba mizigo ya watu mpaka pwani. Minza akapiga picha moja. Ilikuwa nyeusi kama chungu, lakini kila unywele wa sharubu za yule mfalme wa Kijerumani ulionekana. Meshack alipotumiwa picha alipiga simu hapo hapo. Aliitaka, ila iwe hivyo hivyo ilivyo.

Sasa sikiliza ugumu ulipokuwa. Shigela ni Msukuma, na mama mkwe kwa Wasukuma hatazamwi usoni, wala hamzungumzi ana kwa ana. Mkikutana njiani, mmoja anaingia porini. Tangu aoe, Shigela hajawahi kumwambia Kabula, mama yake Minza, neno lisilopita kwa mtu wa tatu. Kwa hiyo alimtuma mkewe amwambie mama asiisugue. Minza akaona haya. Atamwambiaje mama yake kwamba mkwe anampangia cha kuosha na cha kutoosha? Akaulainisha ujumbe. Alisema tu kwenye simu kwamba mkwe anaisubiri kwa hamu, mama aitunze vizuri.

Kabula akaitunza. Ajabu gani? Mkwe hapelekewi kitu kichafu. Aliisugua kwa majivu, akarudia kwa mchanga na limao, penye herufi akachokoa kwa mswaki.

Alikuja nayo mwenyewe hadi nyumbani kwa Shigela, Milanzi, na kuku, na kibuyu cha samli, amevaa kanga mpya. Alikaa chumba cha ndani. Shigela akakaa barazani, mgongo kaupa mlango. Minza akamletea sahani iliyofunikwa kitambaa, naye akakifunua kwa mikono miwili kama inavyopasa.

Iling'aa mpaka ikamuumiza macho. Sharubu hazikuwepo. Uso wa mfalme ulibaki pua.

Roho ilimuuma Shigela mpaka akaona bora angeibiwa. Kutoka ndani mama akamuuliza Minza, aliyekuwa bado barazani, kama mkwe amefurahi. Minza akamtazama mumewe kwa macho ya kuomba. Shigela akamtuma ashukuru sana. Mama akaridhika, akasema kwa sauti ya raha kwamba zile mbili zilizobaki atazifanya wiki hii, maana amegundua dawa ya meno inashinda majivu.

Hapo ndipo Shigela aliposimama. Miguu ilimpeleka yenyewe mpaka mlangoni, akamtazama mama mkwe wake usoni kwa mara ya kwanza.

"Mama, nakuomba, usizisugue. Hii umeiharibu."

Kabula alijifunika uso kwa ile kanga mpya, akageukia ukutani. Alikuwa amekuja kulala, lakini jioni hiyo hiyo aliaga kwa Minza peke yake, akapitia mlango wa uani.

"Ungeniachia mimi niseme," Minza alimwambia mumewe.

"Nilikuachia."



Meshack aliichukua ile rupia kwa bei ya kilo, akauliza hizo nyingine ziko wapi. Shigela atamtuma nani tena?

Mpaka siku moja mtu wa Ilemba aliyeleta mpunga sokoni akamkabidhi kifurushi: kipande cha mfuko wa mbolea kilichofungwa kwa katani. Hakikuja na kuku, wala samli, wala salamu. Ndani mlikuwa na rupia mbili nyeusi tii, vumbi na samli ya zamani vimeganda kwenye kila herufi. Meshack alipoona picha alicheka kwa furaha kwenye simu, akasema sasa ndiyo kazi, na kibanda hakitafungwa.

Shigela alikwenda nazo nyumbani kumwonyesha mkewe. Minza hakuzitazama rupia. Alikiokota kile kipande cha mfuko, akakigeuzageuza, akanusa ile harufu ya mbolea.

"Mama amekutumia kitu kichafu hivi," akasema. "Umepata ulichotaka."

Akachota majivu jikoni, akaenda uani kusugua sufuria.