Maziwa ya Havyarimana Hayapandi Motoni

Kitahana nzima, kuanzia kanisani hadi kwenye mashine ya kusaga, hakuna aliyejua kutengeneza kahawa ya povu isipokuwa Theodosia. Wengine walikunywa kahawa nyeusi, chungu, wakaisindikiza kwa muhogo wa kuchemsha, na walilala salama. Theodosia alikuwa amempikia padri mmoja Mwitaliano miaka sita, huko upande wa Kasulu. Padri yule hakujali chakula, ukimpa maharage wiki nzima anashukuru, lakini kikombe chake cha asubuhi alikilinda. Kapuchino, alikiita, na ole wake mpishi aliyemletea povu lililolala.

Alipoondoka kurudi kwao alimwachia Theodosia kibirika chake chenye vyumba viwili. Maji chini, unga wa kahawa katikati, moto ukikolea kahawa inapanda juu yenyewe. Maziwa Theodosia aliyapasha kando, akayaepua kabla hayajaumuka, kisha akayapekecha kwa upekecho katikati ya viganja mpaka povu likasimama. Juu alinyunyiza mdalasini, au iliki alizonunua dukani kwa Mwajabu mjini Kibondo. Siku nyingine aliunguza sukari kidogo kwenye kijiko, ikageuka hudhurungi, akaikorogea ndani. Hiyo ya sukari ndiyo iliyomnasa mtendaji wa kata.

Mtendaji huyo, Bwana Venanti, alikuwa Mha wa Kumsenga, mtu wa kitambi na miwani, na wala hakuwa mbaya. Mtu mbaya afadhali, unamjua na unajihadhari naye. Kila asubuhi kabla ya kufungua ofisi alipita kwa Theodosia, au mama Dorcas kama alivyomwita, akaketi kwenye kigoda, akaweka faili lake magotini na kikombe juu ya faili.

Mwaka huo wa tisini na saba faili lile lilikuwa na uzito. Lilikuwa limetoka tangazo kwamba wote waliovuka kutoka Burundi, hata wa zamani, waondolewe vijijini wapelekwe kambini. Theodosia alivuka mto Malagarasi mwaka wa sabini na mbili, msichana wa miaka ishirini, hana kitu ila nguo zilizomlowa mwilini. Aliolewa na Mha, akamzaa Dorcas, akamzika mume. Dorcas sasa alikuwa kidato cha nne Kasulu, mtihani ukimsubiri mwezi wa kumi na moja. Karatasi ya uraia, Theodosia hakuwa nayo hata moja.

"Mama Dorcas, mimi hapa simwoni Mrundi," Venanti alimwambia siku ya tangazo, akilamba povu mdomoni. "Namwona mama wa Kitahana. Hebu niongezee."

Theodosia akamwongezea. Tangu siku hiyo alijua kwamba jina lake litakaa nje ya faili kadiri povu litakavyosimama, na kila alipoona vumbi la gari barabarani alisimama mlangoni mpaka gari lipite.

Sasa, maziwa. Ng'ombe aliyekamuliwa karibu alikuwa mmoja tu, wa Mzee Havyarimana. Mzee huyu naye alivuka sabini na mbili, siku ileile, mahali palepale. Yeye ndiye aliyemshika Theodosia mkono maji yalipomfika kifuani. Watu walimchukulia kuwa Mha, maana upande huu nako majina ya namna yake yamejaa. Miaka ishirini na mitano wawili hao hawakuwahi kuligusia jambo hilo, hata kwa jicho.

Havyarimana aliuza maziwa kwa sharti moja: yasipande motoni. Babu zake walimfundisha kwamba maziwa yakichemshwa, kiwele cha ng'ombe aliyeyatoa kinakauka, na yeye hakuwa mtu wa kubishana na babu zake. Anayetaka chai ya maziwa akanunue unga wa kopo dukani. Theodosia alimwapia kwamba yeye huyagandisha tu. Unga wa kopo alishaujaribu. Povu lake lilikufa kabla halijafika mdomoni, na Venanti alisema anakunywa chokaa.

Mwezi wa tisa majani yaliungua yote. Maziwa yakapungua, kibuyu kizima hadi nusu, nusu hadi kikombe. Ng'ombe asiyekula atatoa nini? Lakini Havyarimana hakutafuta jibu malishoni. Alipita nyumba kwa nyumba akiuliza nani amemharibia. Theodosia akaapa mara ya pili, safari hii kwa Bikira Maria.

Kesho yake akakata shauri kuacha kuyapasha maziwa. Alimpa Venanti kahawa isiyo na maziwa, ya tangawizi na iliki, nzuri tu. Venanti akanywa kwa adabu, akabakiza nusu.

"Wilayani wananisumbua, mama Dorcas," alisema akifunga faili. "Wanasema mbona kata yangu majina ni machache hivi."

Basi asubuhi iliyofuata maziwa yakarudi jikoni. Usiku hakuwa amelala vizuri, na mawazo yalimchukua akiwa ameshika mwiko. Maziwa yakaumuka, yakamwagika kwenye mafiga, na harufu ya maziwa yaliyoungua ikatoka mpaka njiani. Alipoinua macho Havyarimana alikuwa mlangoni.

"Yewe, mama Dorcas. Hiki ni nini?"

"Baba, nisamehe. Karibu ukae nikueleze."

"Umeniulia ng'ombe."

"Ng'ombe ana njaa, baba, majani yameisha! Mimi napikia jina langu. Mtendaji akinywa haandiki. Wewe unajua, baba. Wewe zaidi ya wote unajua."

Mzee akagonga kizingiti kwa fimbo. "Usinihesabu pamoja nawe. Miye ni mtu wa hapa. Nimelima hapa, nimezika hapa."

Akaondoka, na njia aliyoshika haikuwa ya kwake. Ilikuwa ya Kibondo.

Siku mbili zilipita. Ya tatu Venanti alikuja, akasimama uani. Theodosia alimletea kikombe, povu limesimama vizuri kuliko siku zote. Hakukipokea.

"Sikuandika mimi," alisema. "Mzee wako alikwenda mwenyewe kwa askari wanaokusanya majina. Amekitaja kilima ulichozaliwa, amewataja wazazi wako, amesema mpaka mahali mlipovukia. Wakamuuliza, mzee, umeyajuaje yote haya? Akawajibu, nitakosaje kujua, nilimshika mkono mwenyewe." Venanti akavua miwani, akaifuta, ingawa haikuwa chafu. "Nimeona orodha, mama. Wewe na yeye mnafuatana, mstari kwa mstari."

Lori lilikuja Alhamisi asubuhi. Theodosia aliambiwa achukue anachoweza kubeba. Aliomba aachwe mpaka Jumamosi, Dorcas atakapofika kuchukua ada ya mtihani, akaambiwa lori halisubiri mtu. Akawaachia majirani maneno ya kumfikishia Dorcas, lakini walikuwa wakitazama chini na hakujua nani amesikia.

Havyarimana aliletwa mwisho. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani, na alikuwa bado anamweleza askari, kwa upole, kama mtu anayesahihisha hesabu ya mtoto.

"Mwanangu, mlinisikia vibaya. Miye nilikuja kusema habari zake. Zangu sikusema."

"Panda, mzee."

"Nina ng'ombe. Nani atampeleka kunywa maji?"

Askari alikwisha kugeuka. Lori lilikuwa refu kwenda juu na magoti ya mzee yalikuwa ya miaka sabini. Alijaribu mara mbili, akateleza, akabaki ameshikilia ubao huku akihema. Ndani watu walikuwa wamejazana na hakuna aliyejisogeza. Theodosia alimtazama. Alimchukia siku hiyo kuliko alivyowahi kumchukia kiumbe yeyote, na alitamani aachwe palepale kwenye vumbi.

Kisha akainama, akampa mkono, akamvuta juu.