Assertion ya tatu

Barafiki, leo haya ilitaka kuniua pale Nyawera.

Niko finaliste, Exetat, ile mutihani ya Serikali ya kumaliza sekondari, inakaribia, na histoire ya dunia njo inanisumbua. Papa akanisindikiza kwa tonton mwenye anauzisha vitabu kando ya barabara.

Kulikuwa mbili za histoire. Moja munene, inaelezea kila kitu. Ingine ndogo: maswali, assertion tano tano za kuchagua, na kule nyuma numéro ya jibu ya kweli.

Mimi mbio mbio: "Papa, tubebe hii ndogo! Ile ingine inasema sana. Hii karibu yote niko naijua kwa kichwa."

(Hii kinywa yangu!)

Papa akaifungua. "Mukutano ya Berlin ilikuwa ya nini?"

Hata sikufikiri.

"Assertion ya tatu!"

Tonton akaangalia nyuma ya kitabu: iko kweli. Nikangoja papa anisifu.

"Bon," papa akasema. "Sasa bazungu balikusanyika Berlin, bakakaa kwa meza, bakagawana assertion ya tatu?"

Batu bote benye balikuwa pale kwa vitabu bakacheka. Na mimi nikacheka kidogo, juu ya kuficha haya.

Papa yeye hakucheka. Akaniuliza pole pole, kama vile unaongelesha mugonjwa:

"Na Congo yetu, mutoto wangu, iko mu assertion ya ngapi?"

Nikarudisha ile ndogo mahali yake.

Tulirudia na ile munene. Papa njo aliibeba mpaka nyumbani.

Mwenye anajua cha kumujibu papa, anisaidie hapa chini. Lakini tafazali, musiniandikie numéro.