Mtani wa Mwinjilisti

Baba yangu, Mwinjilisti Thobias, si mtu mbaya. Nalisema hilo mapema kwa sababu nitamsema sana. Ni mtu wa imani, na wengi wanaosifu watu wa imani hawajawahi kuishi nao nyumba moja.

Tulitoka Urambo nikiwa na miaka kumi na miwili, mdogo wangu Erick akiwa bado anabebwa mgongoni. Kanisa lilimtuma baba akafungue mtaa mpya wa waumini Lusegwa, kitongoji kilicho juu huko kwenye milima ya Uluguru, ukiiacha Bigwa chini, mahali ambapo bodaboda inakushusha njiani na miguu inamalizia kazi. Wenyeji walikuwa Waislamu, na Wakatoliki kiasi. Kila mtu alikuwa na dini yake tangu kwa babu zake, na sikumsikia hata mmoja akililia nyingine. Mama, Agnes wa watu, aliutazama ule mteremko akasema, "Baba Furaha, huku hata kuku wanatembea kwa kujishika." Baba akamjibu kwa mstari wa Biblia. Ndivyo walivyoishi miaka yote: mama anauliza, baba anajibu kwa mstari.

Aliyetupokea alikuwa Mzee Rehani, Mluguru na Mwislamu wa swala tano, mkulima wa migomba na kabichi, mwenye goti bovu na mdomo mzima. Aliposikia sisi ni Wanyamwezi alipiga makofi. "Watumwa wangu wamekuja wenyewe! Nani kawafungua kamba?"

"Mtumwa ni wewe," baba akamrudishia palepale. "Babu zangu walikuacha huku kwa sababu ulishindwa kubeba mzigo."

Wakakumbatiana. Utani wa Wanyamwezi na Waluguru ni wa tangu enzi za misafara, na baba, aliyekuwa mgeni asiye na ndugu mlima mzima, akawa amepata ndugu kabla hajatua sanduku. Mtani anaweza kuchukua kuku wako mchana kweupe, akakutukana mbele ya mkeo, na ukinuna utaonekana mpungufu wewe. Ukifiwa, yeye ndiye anayechimba kaburi, na yeye ndiye anayewafanyia mzaha wafiwa mpaka wacheke. Bila mtani msiba haujakaa sawa.

Kiwanja cha kanisa kilipatikana kwa urahisi wa ajabu. Uluguru watu wanalima mahali ambapo mbuzi angefikiri mara mbili, lakini hapo katikati ya mteremko palikuwa na uwanda mpana, hauna mgomba wala shina la muhogo. Ukoo wenye ardhi ulimpa baba bila maneno. Baba akasema Mungu alikuwa amemwekea.

Mzee Rehani alikuja kukiona, akacheka mpaka akashika goti. "Mtumwa wangu, sisi Waluguru tumekosa pa kulima mpaka tunalima ukutani. Uwanja wote huo tumeuacha tunakungoja wewe Mnyamwezi? Unajua tunavyokupenda! Hicho ni kitanda cha mlima, bwana. Mlima ulishalala hapo zamani. Siku ukichoka utarudi kulala."

Baba alicheka kuliko yeye. Jumapili ya kwanza, kanisa likiwa bado nguzo na turubai, aliusimulia mzaha huo madhabahuni. "Mtani wangu anasema mlima utakuja kulala humu. Uje tu, tutaubatiza!" Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Mama ndiye ambaye hakucheka. Tulipofika nyumbani alimwambia baba kwamba kwao Urambo bibi yake alikuwa akisema mtani hukupa kweli ndani ya mzaha, kwa sababu hana ruhusa ya kukupa kwa njia nyingine. Baba akasema ya mtani hayashikwi.

Nisiwe mchoyo, furaha zilikuwepo. Siku ya kuezeka, bati zilipandishwa mlimani vichwani mwa watu, Waislamu na Wakatoliki wakiwa wengi kuliko sisi wenyewe. Mzee Rehani alibeba moja, na alipofika juu akaikalia, akakataa kunyanyuka mpaka mama alipompikia ugali kwa kuku. Erick alijifunza kutembea kwenye vumbi la sakafu ile. Walioamini walifika hamsini na kitu, wakawa na kwaya, na kengele yao ilikuwa rimu la gari lililotundikwa kwenye mti, likigongwa kwa nondo. Mwaka wa tisa nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi palepale, na nilikuwa nimeanza kuamini kwamba baba alikuwa sahihi.

Ndipo ikaja masika ya mvua zisizokatika.

Kwanza mlango wa kanisa ulikataa kufunga. Baba akaupunguza kwa randa. Wiki moja baadaye ukakataa tena, akaupunguza tena. Chemchemi iliyokuwa nyuma ya kanisa ikatoa maji mekundu siku mbili, halafu ikakauka, mvua ikiwa inanyesha. Niambie wewe, chemchemi gani hukauka masika? Miti iliyokuwa upande wa juu ikaanza kuinama kuelekea kwetu, polepole, na sakafuni ukatokea ufa. Baba aliuziba kwa saruji, akapiga magoti juu yake akaomba. Nilimwona, nikaogopa, kwa sababu aliomba kama mtu anayejua.

Jumamosi asubuhi Mzee Rehani alifika nyumbani. Hakupiga kelele tangu njiani, hakumwita mtu mtumwa. Nilimwamkia, "Shikamoo babu," akaitika marahaba taratibu. Alivua kofia, akabaki nayo mkononi.

"Mwinjilisti Thobias," akasema.

Mama aliweka chini ungo wa mchele. Miaka tisa hakuna aliyewahi kumsikia mzee yule akilitaja jina la baba.

"Nimetoka kule juu ya kanisa. Kuna ufa porini; juzi niliingiza kidole. Leo nimeingiza mguu. Usisalishe watu mle kesho."

Baba alimtazama, kisha akacheka. Sitaisahau ile sauti. "Mtani, leo umekuja na mzaha mpya! Umevua mpaka kofia!"

"Baba Furaha," mama akasema, "hatanii."

"Mtani ni mtani."

Mzee akavaa kofia yake, akashuka zake. Baba akaenda kanisani, akatangaza kwamba atafunga na kuomba humo mpaka baada ya ibada, ili Shetani aaibike. Nilimchukia siku ile, na nilimpenda. Vyote viwili vilikuwa vinanichoma.

Jumapili mvua ilipungua kidogo, na hilo lilinitisha zaidi, kwa sababu kulikuwa kimya mno. Mama alituamsha, akambeba Erick, mvulana wa miaka kumi, mgongoni kama mtoto mchanga. Akaenda kusimama kwenye njia panda. Kila muumini aliyekuja alimgeuza. "Ibada ni uwanjani kwa Mzee Rehani." Wengine walibisha, maana mke wa mwinjilisti kumpindua mumewe ni kitu gani? Mama hakuhubiri. Alisimama tu katikati ya njia, na kwa kuwa njia ya mlimani ni nyembamba, hakuna aliyepita.

Hivyo tukawa watu hamsini kwenye uwanja wa kukaushia maharage wa Mwislamu, upande wa pili wa korongo, mkewe Asha akitutandikia mikeka. Kule ng'ambo kengele ikaanza kulia. Baba alikuwa anatuita. Alipiga, akanyamaza, akapiga tena kwa nguvu. Hakuna aliyekwenda. Wanakwaya waliinamisha vichwa kama watoto waliofumaniwa jikoni.

Mzee Rehani akainuka, akashika fimbo yake. "Ngoja nikamchukue mtumwa wangu."

"Babu, usiende," nikasema.

"Mtumwa akipotea, nani anamtafuta kama si bwana wake?" Akacheka, akaenda akichechemea.

Tulimwona akivuka daraja la magogo, akapanda. Kengele ikanyamaza, baba akarudi ndani, na mzee alipofika juu akaingia naye. Mama alishusha pumzi. Tukangoja watoke. Tukangoja muda mrefu, mrefu kuliko unaotosha kumshika mtu mkono na kumtoa nje. Hatimaye baba akatokea mlangoni, mzee nyuma yake akimsukuma mgongoni kwa fimbo, na baba akaanza kukimbia. Miti ya juu ilianguka yote kwa pamoja. Kisha mteremko ukashuka. Haukuwa na haraka kama nilivyodhani. Ulishuka na bati letu likiwa juu yake, likielea, mpaka lilipokunjika. Baba alikuwa ameshafika kwenye mwamba wa daraja. Mwenye goti bovu hakuwa amefika.

Vijana walimpata siku iliyofuata, baada ya adhuhuri. Baba alikuwa amechimba nao usiku na mchana bila kula, na alipopatikana mzee, akaenda kuchimba kaburi, akakataa kupokezana jembe na mtu. Hakuna aliyemzuia. Ilikuwa kazi yake.

Jeneza lilipotolewa mlangoni kwa Asha, wanaume wakiwa wameshajipanga kulipeleka makaburini, wazee wa Kiluguru wakasimama. "Mtani yuko wapi? Tutamzika mtu wetu bila mtani?"

Ni desturi. Mtani huziba njia, jeneza halipiti mpaka amefanya mzaha wake. Baba akatoka kwenye kundi, tope mpaka kwenye kope, akasimama mbele ya jeneza. Nilidhani atasema mstari.

"Wewe Rehani, mtumwa wangu," akasema. "Miaka tisa nakuita kanisani, hukuja. Umekuja siku moja tu, ukaondoka na kanisa zima!"

Uwanja mzima ukacheka. Walicheka kwa machozi, na Asha alicheka akiwa ameziba mdomo kwa khanga. Ulikuwa mzaha mzuri, na mwenyewe angeupenda. Baba hakupisha njia. Alibaki amesimama pale mpaka kicheko kikaisha, kisha akasema kwa sauti nyingine kabisa:

"Alipoingia nilikuwa naomba. Nilimwambia angoje nimalize. Akakaa kwenye benchi, akanyamaza, akangoja. Niliomba sala ndefu. Niliirefusha makusudi, ili aone."

Mama alinishika mkono mpaka kucha zikaniingia. Wanaume waliobeba jeneza walitazamana, na kwa muda hakuna aliyejua desturi inasemaje juu ya hilo.

Asha ndiye aliyesogea mbele. Alimtazama baba, macho yake yakiwa makavu sasa.

"Pisha njia, mtani," akasema. "Amekungoja vya kutosha."

Baba akapisha. Kisha akaenda upande wa nyuma wa jeneza, akamgusa kijana mmoja ampe nafasi, akaingiza bega lake.