Jino la Mama Mkwe

Kwetu Gusii mwanamume hampi mama mkwe wake mkono. Anamsalimia kwa mbali, macho chini, na wakikutana njiani mmoja anapisha. Hiyo ndiyo chinsoni, nami nimeishika vizuri tangu nioe. Sasa niambie, mama mkwe akivunjika jino la mbele, na daktari wa meno pekee anayemwamini Kisii nzima ni mimi, nifanyeje?

Alikuja kutoka Nyaramba na mke wangu, amejifunika leso uso mzima, mdomo tu ndio uko nje. Kwangu hakuelekeza neno. Alimwambia mke wangu amwambie daktari asichelewe, na daktari mwenyewe alikuwa ameinama juu ya ulimi wake. Nami nikajibu kupitia mke wangu. Maskini, asubuhi nzima alitafsiri Ekegusii kwa Ekegusii.

Jino lilikuwa limebaki mzizi tu. Wiki iliyotangulia, alipokuja mara ya kwanza, niliuziba kwa dawa ya muda yenye mafuta ya karafuu. Siku hiyo nilitakiwa kutia kijiti cha faiba ndani ya mzizi, nikibandike kwa gundi, kisha nijenge jino juu yake. Lakini gundi hiyo na karafuu hazipatani kabisa. Lazima kuta za mzizi zisuguliwe kwa brashi ndogo, zioshwe kwa dawa, zioshwe tena kwa maji, halafu zikaushwe taratibu kwa karatasi. Mimi, kwa aibu, nilisugua kama mtu anayefukuzwa. Nilitaka tu atoke kwenye kile kiti nipumue.

Sabato iliyofuata nilikuwa kanisani kwao. Mama mkwe ndiye kiongozi wa kwaya, na wiki moja baadaye angeimba kwenye harusi ya kitinda mimba wake, jambo aliloliombea miaka. Ubeti wa pili wa wimbo wa siku hiyo, alipopandisha sauti, jino likaruka likatua kwenye kiatu cha mzee wa kanisa. Mzee akaliokota, akaligeuzageuza, akaniletea mimi mbele ya watu wote. Nilitamani ardhi inimeze. Gundi yote ilikuwa bado imeng'ang'ania kijiti. Kwenye mzizi haikushika hata chembe. Wa kulaumiwa nilikuwa mimi.

Jumatatu mama mkwe akarudi kwangu na mke wangu. Nikajikohoza, nikaanza tena haraka zangu. Ndipo akanikamata mkono, akashusha leso, akanitazama machoni kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake.

“Mwanangu, hapa huna mama mkwe. Una jino. Safisha.”

Mke wangu akatoka nje kwenda kucheka. Mimi nikasafisha. Brashi, dawa, maji, karatasi, kisha nikarudia yote toka mwanzo. Nilimshika kidevu hadi nikasahau ni cha nani.

Harusini aliimba beti zote nne na jino halikutikisika. Machozi yalinilenga, sioni haya kusema. Alipopita karibu yangu, kwa furaha nikajisahau, nikamnyooshea mkono.

Akaukwepa, akamgeukia mke wangu na tabasamu la meno yote.

“Mwambie mume wako ajiheshimu.”