Safu Iliyopinda

Juzi, nikipanga sanduku la marehemu mama, niliikuta kofia ya viua, ya kushonwa kwa mkono, ambayo hakuiuza. Safu moja ya vitundu vyake imepinda, na mama hakuwa mtu wa kupindisha safu.

Siku alizoishona, mimi bado mtoto, mchele ulikuwa wa foleni. Jirani yetu Bi Mwanakheri, mjane mwenye watoto wanne, kila alasiri alikuja na kigae kuomba kaa la moto, kisha tukasikia nyuma ya ukuta anakuna nazi. Zikapita siku mbili hakuja. Mimi nilidhani amepata viberiti vyake, nikamwonea wivu.

"Nenda leo kamwombe yeye moto," mama aliniambia, sindano mkononi.

Nilikwenda, nikarudi nacheka. "Mama, hana moto. Paka wake kalala juu ya jivu, kati ya mafiga."

Mama hakucheka. Alipakua wali wetu wote wa usiku na mchuzi wa papa, akafunika kwa kawa. "Mpelekee. Mwambie wali umenizidia."

Niliporudi alikuwa anaishona kofia hiyo, anafumua, anashona tena palepale. Harufu ya mchuzi ilikuwa bado ndani, nami njaa inaniuma.

"Macho yananisumbua," alisema.

Nilimwamini. Uzi ulipokwisha nikataka kumtungia, lakini aliuchukua mwenyewe, akautia kwenye tundu la sindano mara moja, hata bila ya kulitazama. Kisha akawa anausikiliza ukuta, mpaka tuliposikia upande wa pili sahani inakwaruzwa.