Chembe Zilizokwenda Kushoto

Naikumbuka siku moja, mwanangu, niliyomkosoa mwalimu wangu, na leo naisimulia kifua mbele.

Nilitoka hapahapa Ntalikwa, Tabora, binti wa mkulima wa karanga, nikaenda kusomea kazi ya maabara. Mwalimu wangu, mama mkali kama pilipili, alikuwa akitafuta dawa ya kujipeleka yenyewe kwenye seli zenye ugonjwa. Dawa ilibebwa na chembe za dhahabu, ndogo mno. Hata kwa darubini huoni umbo lake, unamulika taa ukaona vinukta vya mwanga vikitetemeka. Kazi yangu ilikuwa kuzifuatilia moja moja kwenye kompyuta, nijue zinaelekea wapi.

Basi zikawa zinakwenda kushoto, upande wenye seli. Mwalimu alifurahi huyo! Akaalika wageni waje waione dawa. Mimi roho ikasita. Chembe ndogo vile husukumwasukumwa na maji, kila moja na njia yake. Hizi mbona zimeshika msafara? Nikatia nyingine kwenye maji matupu, yasiyo na seli hata moja. Zikaenda kushoto vilevile! Kumbe maji yenyewe yalikuwa yakitiririka polepole, yanazibeba.

Nilipomwonyesha mwenzangu wa maabara, akaninong'oneza, "Nyamaza wewe, utafukuzwa." Na kweli, ningefukuzwa ningemwambia nini baba? Penye wazee haliharibiki neno, lakini wazee nao huteleza, ati. Sisi tulilelewa kwamba mkubwa humpingi, unamwomba akufundishe. Asubuhi nikamwendea na yale maji matupu, nikayaweka kwenye darubini yake, nikapiga goti.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

"Naomba unifundishe. Hapa hakuna seli. Mbona zinakwenda kushoto?"

Akainamia darubini mpaka magoti yakaniuma. Kisha akanigeukia.

"Umelijua lini hili?"

"Jana jioni."

"Ukalala nalo? Siku nyingine njoo uniamshe!"

Wageni walipofika, aliwaonyesha yale maji matupu. Akanishika bega, akasema, "Binti huyu wa Tabora ameniokoa nisiwape wagonjwa matumaini ya uongo." Jamani, nilivimba! Dawa ilitubidi tuianze upya, na sikujuta hata kidogo.

Mwanangu, heshima si utumwa. Ukimwona mkubwa wako anapotea, mwite, ila mwite kwa adabu, na usingoje kesho. Na jicho lako nalo usiliamini upesi: kabla hujasema "nimeona", jaribu kwanza pale pasipo na kitu unachokitafuta. Mungu akujalie jicho la kuona, ulimi wa kusema, na mkubwa asiyeona haya kukusikiliza.